Msafiri wa Mirihi: Jina la Kigari cha Mwaka 1997

Neno sayari tulilipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kwenda na kusafiri. Wanafalaki wa kale waliona kwamba nyota karibu zote hukaa mahali pake, kila moja na jirani yake, mwaka hata mwaka. Ila chache zilihama usiku baada ya usiku, kama wapitaji katika mji usio wao. Hizo wakaziita nyota zisafirizo. Wayunani walikuwa wamekwisha kuzipa jina lenye maana ya wazururaji. Katika Kiarabu cha leo neno lilo hilo, sayyara, ndilo jina la motokaa ya barabarani. Sisi Waswahili tulichukua upande wa mbinguni tu. Upande wa barabarani tukauita gari, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Kwa hiyo tarehe 4 Julai 1997, gari dogo la magurudumu sita lilipofika katika sayari ya Mirihi, Kiarabu ndicho kilichopata mchezo wa maneno: kisafiri juu ya kisafiri. Kiswahili kilibaki na kazi ya kutafuta neno.

Siandiki hapa kama mhandisi, bali kama mtu wa lugha ambaye kwa miaka mingi amekuwa akijiuliza swali moja. Kwa nini watu wengi kiasi kile, katika nchi nyingi kiasi kile, walishikwa na furaha kwa ajili ya kitu chenye uzito wa kilo 10 na nusu, kiendacho sentimita moja kwa sekunde? Jibu la kawaida huitaja intaneti, iliyokuwa changa wakati ule. Ni jibu la kweli, lakini halinitoshelezi. Naamini kwamba sehemu kubwa ya furaha ile ilitokana na jina, na jina lile lilikuwa na historia ambayo inastahili kusimuliwa kwa Kiswahili.

Mirihi yenyewe si ngeni kwetu. Katika elimu ya falaki iliyofika pwani pamoja na vitabu vya Kiarabu, Mirihi ni nyota ya Jumanne, nyota ya vita na damu, na madini yake ni chuma. Rangi yake nyekundu ndiyo iliyowapa watu mawazo hayo. Jambo linalonifurahisha ni kwamba vyombo vilipokwenda kuupima udongo wake, vilikuta wekundu ule ni wa kutu, yaani ni chuma kilicholiwa na oksijeni. Kuhusu vita sina la kusema, lakini kuhusu chuma wanafalaki walibahatisha vizuri sana.

Kabla ya 1997 safari za huko zilikuwa na majonzi mengi. Wasovieti ndio waliotangulia kuendesha gari nje ya dunia: mnamo Novemba 1970 gari lao Lunokhod 1 lilianza kutembea juu ya mwezi, na jina hilo kwa Kirusi ni kama kusema mtembea-mwezini, jina la wazi lisilo na mapambo. Mwaka uliofuata walipeleka Mirihi chombo kiitwacho Mars 3, na ndani yake kimashine kidogo kilichofungwa kwa waya, cha kutembea kwa nyayo zilizofanana na mbao za kutelezea thelujini. Chombo kilitua, kikatuma ishara kwa sekunde chache, kikanyamaza. Kile kimashine hakikupata kuandika hata hatua moja katika historia. Marekani ilituliza vyombo viwili vya Viking mwaka 1976, vikafanya kazi ya maana kwa miaka kadhaa, lakini vilikuwa vyombo vya kusimama: viliona kilichokuwa mbele yao na basi, kama mtu akaaye dirishani. Kisha mnamo Agosti 1993 chombo cha gharama kubwa, Mars Observer, kilipotea zikiwa zimebaki siku tatu tu kiingie katika mzunguko wa Mirihi. Baada ya hasara hiyo mkuu wa shirika la NASA, Daniel Goldin, alishikilia kwamba safari ziwe za bei nafuu, ziandaliwe haraka, na zikipotea zisiache shimo kubwa katika hazina.

Pathfinder, jina lenye maana ya mtafuta njia, kilikuwa mtoto wa sera hiyo. Kiliundwa katika maabara ya JPL huko Pasadena, California, kikarushwa tarehe 4 Desemba 1996. Namna ya kukituliza ilionekana kwa wengi kuwa mzaha: kingeingia katika anga ya Mirihi moja kwa moja bila kuzunguka kwanza, kishushwe na mwavuli, kipunguzwe mwendo na roketi ndogo, halafu kivimbishiwe mifuko ya hewa pande zote na kuachiwa kidunde juu ya mawe kama mpira. Na kweli kilidunda. Kilidunda mara zisizopungua 15, kikabingirika, kikasimama katika bonde la Ares Vallis, ambalo limepewa jina la mungu wa vita wa Wayunani. Ilikuwa siku ya Ijumaa, na kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikaribia saa mbili ya usiku.

Hapa nataka kusimama kidogo kwa ajili ya kitenzi kutua, maana sijui kama kuna lugha nyingine iliyojaliwa kitenzi kinachofaa zaidi. Ndege hutua juu ya tawi. Mchukuzi hutua mzigo. Jua nalo hutua magharibi. Chombo kinachofika Mirihi hufanya yote matatu, isipokuwa kwamba jua ndilo humalizia kazi yake siku nyingi baadaye, kama tutakavyoona.

Kigari kilikuwa ndani, kimefungwa juu ya mojawapo ya kuta tatu za chombo zilizofunguka kama petali za ua. Kilikuwa na urefu wa sentimita 65, upana wa 48 na kimo cha 30. Juu yake palikuwa na bamba la kukinga jua kwa ajili ya umeme, umeme usiotosha hata kuwasha balbu moja ya chumbani. Watu walitaraji kukiona kikishuka siku ile ile. Hakikushuka. Kitambaa cha mfuko mmoja wa hewa kilikuwa kimejikunja kando ya petali na kuzuia njia. Tena mawasiliano ya redio baina ya kigari na chombo mama yalikuwa yakikatika. Ilibidi wahandisi wainue petali, wauvute mfuko ndani, waishushe tena. Na kila amri ilichukua kama dakika 10 kufika, na jibu dakika 10 nyingine kurudi. Usiku wa pili, 5 Julai kwa saa za California, kigari kilishuka kinyumenyume kwa ubao wa nyuma, kwa sababu ubao wa mbele ulikuwa umening'inia bila kugusa ardhi, na magurudumu yake sita yakakanyaga udongo.

Nashuku kwamba siku hiyo moja ya kusubiri ndiyo iliyowafunga watu. Kama kila kitu kingekwenda sawasawa, wangepiga makofi na kurudi kwenye shughuli zao. Lakini ndugu msomaji anajua jinsi inavyokuwa msafiri akichelewa: hapo ndipo anapoanza kuulizwa kwa jina. Siku ya Julai 8 peke yake, kurasa za intaneti za safari hiyo ziliombwa mara milioni 47, na katika mwezi wa kwanza mara milioni 566. Hesabu hizi si za watu, ni za maombi ya mafaili, na mtu mmoja aliweza kuomba mafaili mengi. Hata hivyo kwa mwaka 1997 hapakuwa na mfano wake. Ilibidi picha zigawanywe katika kompyuta nyingi za mahali mbalimbali ili mzigo usiizidi nguvu moja. Kampuni ya Mattel ilitoa kigari cha kuchezea kilichofanana na kile cha kweli, nacho kiligombewa madukani.

Sisi tuliokuwa mbali na kompyuta tulisikia habari hizo kwa redio na kusoma magazeti ya siku zilizopita. Nakumbuka barazani mzee mmoja jirani yetu aliuliza kama hicho kigari kina dereva. Akaambiwa dereva yuko Marekani na gari liko Mirihi. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba basi huyo si dereva, huyo ni mwandishi wa barua. Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya kazi ile. Waendeshaji hawakushika usukani. Waliandika kila siku orodha ya maagizo, wakayatuma, kisha wakangoja wasome kilichotendeka. Sehemu za njia kigari kilijiamulia chenyewe kwa kuangalia mawe yaliyokuwa mbele yake.

Na mawe hayo yalipewa majina. Wanasayansi wangeweza kuyapa nambari, na nambari zingetosha kwa kazi yao. Badala yake jiwe la kwanza kupimwa, lililokuwa na vinundu kama vya viumbe vigandavyo chini ya mashua, waliliita Barnacle Bill. Kubwa lenye umbo la kichwa cha dubu wakaliita Yogi, kwa jina la dubu wa katuni. Jingine likapewa jina la mbwa wa katuni, Scooby-Doo. Wapo waliokunja uso wakiona ni utoto. Mimi naona ni akili. Msimulizi yeyote wa hadithi anajua kwamba msikilizaji hatamfuata shujaa kupita kati ya vitu visivyo na majina. Wasemao kwamba mwenda pole hajikwai nao walipata la kujadili, kwa sababu kigari chetu, pamoja na upole wake wote, kilipomkaribia Yogi kilipandisha gurudumu juu yake na ikabidi kirudishwe nyuma. Habari ya gurudumu moja kupanda juu ya jiwe moja ilisomwa ulimwenguni kote.

Lakini jina kubwa kuliko yote lilikuwa la kigari chenyewe, nalo halikutoka katika katuni.

Mwaka 1994 NASA, kupitia maabara ya JPL na chama cha Planetary Society, ilitangaza shindano la insha kwa wanafunzi wasiozidi umri wa miaka 18. Sharti lilikuwa kuchagua shujaa mwanamke, wa historia au wa kubuni, na kueleza kwa nini kigari kipewe jina lake. Zilifika insha takriban 3,500 kutoka nchi mbalimbali. Mshindi, aliyetangazwa mwaka 1995, alikuwa msichana wa miaka 12 kutoka mji wa Bridgeport katika jimbo la Connecticut, naye alimchagua Sojourner Truth. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: huyu alisafiri akitafuta na kutangaza ukweli, na kigari kinakwenda kutafuta ukweli wa Mirihi. Jina lililoshika nafasi ya pili, Marie Curie, lilipewa kigari pacha kilichobaki duniani kama akiba.

Sojourner Truth hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa mtumwa, mnamo mwaka 1797 au karibu yake, katika wilaya ya Ulster, jimbo la New York, akaitwa Isabella. Wengi hudhani utumwa wa Marekani ulikuwa jambo la kusini peke yake, na kwamba lugha yake ilikuwa Kiingereza tu. Mabwana wa kwanza wa Isabella walikuwa wa asili ya Kiholanzi, na Kiholanzi ndicho kilichokuwa lugha yake ya kwanza. Alipokuwa na umri wa miaka kama tisa aliuzwa mnadani pamoja na kundi la kondoo kwa dola 100. Aliyemnunua alizungumza Kiingereza, na mtoto hakujua Kiingereza. Aliagizwa kitu hiki akaleta kile. Na kwa kila kosa la kutoelewa alipigwa. Makovu ya mapigo hayo aliyabeba hadi uzeeni. Sisi tupendao kujadili lugha kana kwamba ni maua ya bustani tungefaa tusiisahau habari hii ya mtoto aliyechapwa viboko kwa ajili ya msamiati.

Jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwaacha huru watumwa wake, na siku iliyowekwa ilikuwa 4 Julai 1827. Bwana wake wa wakati huo alikuwa amemwahidi kumwachilia mwaka mmoja kabla, kisha akageuka. Isabella hakungoja sheria. Mwishoni mwa 1826, kabla ya alfajiri, alitoka kwa miguu akimbeba binti yake mchanga. Baadaye alisema kwamba hakukimbia, kwa kuwa aliona kukimbia ni uovu, bali alitembea, akiamini kwamba hilo ni sawa. Mwanawe wa kiume, Peter, alikuwa ameuzwa hadi Alabama kinyume cha sheria. Alikwenda mahakamani, mwanamke mweusi asiyejua kusoma wala kuandika, akadai mwanawe arudishwe, na mwaka 1828 akarudishiwa.

Jina alijipa mwenyewe tarehe 1 Juni 1843, alipokuwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Aliliacha jina la kitumwa, akatoka mjini New York kwenda kuhubiri njiani dhidi ya utumwa na kwa ajili ya haki za wanawake. Aliyasimulia maisha yake, mwingine akaandika, na kitabu kikatoka mwaka 1850. Alikiuza katika mikutano yake ili apate riziki. Alikutana na Rais Abraham Lincoln mwaka 1864. Alifariki mwaka 1883 huko Battle Creek, Michigan.

Sasa tazama tarehe. Kigari chenye jina lake kilitua tarehe 4 Julai 1997. Magazeti yaliitaja siku hiyo kuwa sikukuu ya uhuru wa Marekani, na ni kweli. Lakini kwa mwanamke aliyekibebesha kigari jina lake, 4 Julai ilikuwa na maana ya pili: ilikuwa siku ambayo jimbo alilozaliwa liliwafungulia watumwa wake, miaka 170 kamili kabla ya siku ile. Waliopanga safari walifuata hesabu za mizunguko ya sayari na, naamini, mvuto wa sikukuu yao. Sidhani kama kuna aliyepanga hili la pili. Binti aliyeuzwa pamoja na kondoo alifika Mirihi siku ya kumbukumbu ya uhuru wa watu wake, na waliokuwa wakishangilia walilitamka jina lake bila kujua siku hiyo ilikuwa yake.

Tungeliitaje jina hilo kwa Kiswahili? Nimelijaribu mara nyingi, na kila mara limenionyesha jambo kuhusu lugha yetu. Msafiri ndilo neno la kwanza kuja mdomoni, lakini halitoshi. Msafiri wetu yuko njiani. Ana atokako na aendako. Sojourner ni yule akaaye mahali kwa muda pasipokuwa pake, akijua kwamba ataondoka. Hilo liko karibu zaidi na mgeni, na mgeni wetu ana kanuni zake: siku mbili ni za heshima, ya tatu hupewa jembe. Kigari kilipewa jembe siku ya pili, kikaambiwa kitalima siku saba, kikalima 83. Lakini jaribu kuunganisha mgeni na neno la pili la jina, uone balaa. Mgeni wa ukweli ni mtu asiyeujua ukweli! Ukisema mgeni wa kweli, umepata mgeni halisi, na ukweli wenyewe umepotea. Msafiri wa kweli nayo ina kasoro hiyo hiyo. Kile kiunganishi chetu kidogo, wa, hubeba mizigo mingi mno kwa wakati mmoja.

Kwa hukumu yangu, tafsiri iliyo bora ni Msafiri wa Haki. Haki katika Kiswahili cha sasa ni ile idaiwayo mahakamani, na huyu aliidai mahakamani akaipata. Lakini katika Kiarabu tulikolitoa neno, haki na ukweli ni kitu kimoja, na wazee wa pwani bado husema la haki wakimaanisha lisilo na uongo. Hivyo neno moja linashika pande zote mbili za maisha yake. Wapo watakaopinga, na ningependa kusikia wanalopendekeza.

Na kile kitu chenyewe, gari la roboti litembealo katika sayari nyingine? Nimeona kikiitwa roboti, chombo, hata rova. Mimi nashikilia kigari. Kiambishi cha udogo hapa hakidharau. Kinabembeleza, kama tusemavyo kitoto. Bila shaka kwa kilicho kikubwa kama Curiosity cha mwaka 2012, chenye uzito wa kilo karibu 900, mtu ana haki ya kusema gari.

Kabla sijaendelea na hicho, niseme kwamba Kiswahili nacho kina jina lake huko juu, na lilitangulia hili kwa zaidi ya robo karne. Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la baharini la kurushia roketi, liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 chombo cha NASA cha kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka katika nyota kilirushwa kutoka hapo. Katika majalada kiliitwa SAS-1. Lakini siku ile ilikuwa kumbukumbu ya mwaka wa saba wa uhuru wa Kenya, na msimamizi wa mradi, bibi Marjorie Townsend, akakipa jina la Uhuru. Uhuru kilikuwa chombo cha kwanza kuundwa kwa ajili ya elimu ya eksirei za mbinguni. Kiliorodhesha vyanzo 339, na habari zake zilisaidia kukitambua kile kitu cha ajabu katika kundi la Cygnus ambacho wanasayansi walikuja kukubali kuwa ni shimo jeusi. Mpaka leo wanafunzi wa elimu ya anga ulimwenguni husoma orodha ya Uhuru. Haukuwapo umati wa kukishangilia kama ule wa 1997, labda kwa sababu hakikutua popote na hakikuwa na picha za mawe. Jina, hata hivyo, lilifanya kazi ile ile: lilichukua siku ya watu fulani, watu waliotawaliwa wakaacha kutawaliwa, likaibandika juu ya chuma na kuipeleka juu.

Vigari vya Marekani vilivyofuata vyote vilipewa majina na watoto kwa njia ya mashindano. Spirit na Opportunity vilitua Januari 2004. Curiosity kilitua tarehe 6 Agosti 2012, kwetu ikiwa saa mbili na nusu asubuhi, huku New York watu wakiwa wamekesha katika uwanja wa Times Square kutazama skrini kubwa. Perseverance kikafuata Februari 2021. Wachina waliotua mwaka huo huo waliliita gari lao Zhurong, jina la mungu wa moto, maana kwa lugha yao Mirihi ni nyota ya moto. Majina ya Kimarekani ya baada ya 1997 ni majina ya sifa za moyo: roho, fursa, udadisi, ustahimilivu. Ni mazuri, ingawa kwetu mtoto mdadisi hasifiwi kila mara. Ila mimi huona kimepungua kitu. Sifa ya moyo haina mama, haina mwaka wa kuzaliwa, haikuuzwa na mtu.

Hata hivyo watu wamevipa uhai kwa njia nyingine. Opportunity kilichokusudiwa kufanya kazi siku 90 kilitembea zaidi ya kilomita 45 kwa miaka karibu 15, mpaka tufani kubwa ya vumbi ilipolifunika jua mwezi Juni 2018. Safari ilipotangazwa kuwa imekwisha, Februari 2019, mwandishi mmoja wa habari alifupisha maelezo ya wanasayansi kuhusu ujumbe wa mwisho kwa kusema kwamba ulikuwa kana kwamba kigari kinaeleza kuwa betri yake inakaribia kwisha na giza linaingia. Kigari hakikusema hivyo. Kilituma tarakimu za umeme na za mwanga. Lakini sentensi ile ilienea duniani kwa siku moja na watu wakalia kwa ajili yake. Kwa Kiswahili ingekuwa fupi zaidi: jua limetua. Wapo waliowacheka waliolia. Mimi siwezi, kwa kuwa ushairi wote wa maombolezo ninaoujua hufanya jambo hilo hilo, humpa marehemu maneno ambayo hakuyasema.

Mwaka 1997 haikuwapo sentensi ya kuaga. Chombo mama, ambacho baada ya kutua kilipewa jina la Carl Sagan, mwanasayansi aliyefariki Desemba 1996 wakati chombo kikiwa njiani, kilituma ujumbe wake wa mwisho wenye maana tarehe 27 Septemba. Kufikia hapo kilikuwa kimetuma picha zaidi ya 16,000, na kigari picha 550 na vipimo 15 vya mawe na udongo. Miongoni mwa picha hizo zilikuwamo kokoto za mviringo, za namna ambayo hapa duniani hufanywa na maji yendayo kwa muda mrefu. Kigari kilikuwa kimetembea mita 100 hivi kwa jumla, bila kwenda zaidi ya mita 12 au zaidi kidogo kutoka kwa mama yake. Kwa kuwa redio yake ilimfikia mama tu, mama aliponyamaza hakikuwa na njia ya kusema na dunia, ingawa chenyewe hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa na maagizo ya akiba: kikikosa kusikia sauti ya mama kwa siku kadhaa, kirudi karibu naye na kumzunguka.

Picha iliyopigwa kutoka angani na chombo kingine miaka tisa baadaye inamwonyesha mama amelala bondeni, petali zake zimefunguka, na ubao wa kushukia bado uko pale. Kando yake pana doa dogo ambalo wachunguzi wa picha hudhani ndilo kigari, na haliko pale kilipoachwa siku ya mwisho ya mawasiliano.